Mwanvua Apita Mlangoni

Ulikuwa mwaka wa uhuru, na mji mzima wa Rumonge ulitaka nguo mpya. Mwanvua, fundi wa kushona, alikuwa na kazi tele. Kina mama wa mtaa walitaka awashonee sare za kuvaa siku ya kupandisha bendera. Lakini tangu arudi kutoka dukani alikokwenda kutafuta kitambaa, mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Uzi haukuingia kwenye sindano.

Radjabu, mumewe, alidhani cherehani ndiyo yenye shida. Bila kuuliza mtu, akaimwagia mafuta ya mawese. Gurudumu likaganda kabisa. Mwanvua hakuwa na nguvu hata za kumgombeza, na hapo Radjabu akaogopa kweli. Akaenda kumwita Marguerite.

Marguerite alikuwa mshauri katika nyumba ya mafunzo ya kina mama. Alikuwa amesomea kazi ya kuwasaidia watu walioumizwa moyoni. Hakuja na dawa. Aliketi mkekani, akauliza mambo yalianza lini. Polepole Mwanvua akasema yote.

Duka la vitambaa la Mzungu lilikuwa na mlango na dirisha. Wazungu waliingia mlangoni. Weusi walisimama nje juani, wakanunua dirishani. Mwanvua aliomba kushika kitambaa kabla ya kununua, kama fundi yeyote. Muuzaji alimjibu kwamba mikono myeusi ingekichafua. Tangu hapo, kila akigusa sindano aliyasikia maneno yale.

"Naanza kuona pengine iko kweli," alisema, akaficha mikono chini ya kitenge.

"Mukono yako haina ugonjwa, dada," Marguerite alimwambia. "Ulitukanwa, na ile tusi imeingia ndani. Kutetemeka si wazimu. Naweza kukusikiliza kila siku, lakini ile dirisha ikibaki, kesho itaumiza mwingine. Kazi yangu haiishi hapa kwenye mukeka."

Akamwomba awaite wenzake, wale kina mama wa mtaa. Walipokuja, kumbe kila mmoja alikuwa na tusi lake alilolificha. Walilia kidogo. Kisha Marguerite akavaa kofia ya Radjabu, akajifanya muuzaji, ili Mwanvua ajizoeze kusema. Alikunja uso vibaya hata wote wakacheka wakishika mbavu. Mwanvua alianza kwa kunong'ona. Mwishowe sauti yake ilimfikia Radjabu uani, aliyekuwa akisugua cherehani kwa aibu.

Kesho yake wakaenda wote. Marguerite alisimama nyuma, kwa sababu hakutaka kumsemea mtu. Mwanvua alilipita dirisha, akasimama mlangoni.

"Amahoro, bwana," alisema, akimtakia amani. "Sisi ni wateja. Tutaingia, tutashika vitambaa. Kama haiwezekani, tutaenda kununua mjini Usumbura, sisi wote."

Muuzaji aliwatazama. Akayatazama marobota yake ambayo hayajauzwa. Akasogea pembeni.

Mwanvua akaingia kwa furaha, wenzake wakimfuata. Alishika kitambaa cha kwanza, cha pili, akavishika vyote bila haraka, hata muuzaji akachoka, akaketi. Kisha akachagua kile kile alichokitaka tangu siku ile ya dirishani.

Nyumbani, uzi uliingia kwenye sindano mara moja. Siku bendera ilipopanda, kina mama walicheza na sare zao, na Radjabu akamwambia kila mtu kwamba cherehani aliisafisha yeye. Dirisha la duka lilikuwa limepigiliwa mbao. Muuzaji alilifunga mwenyewe, maana hapakuwa tena na mtu aliyesimama pale.