Isihaka na Akili Inayomwagika

Asubuhi moja Biasha alikwenda kisimani, akamwacha mumewe ameketi kitini. Aliporudi na ndoo kichwani, mumewe alikuwa pale pale. Hata inzi aliyetua gotini mwake alikuwa pale pale.

"Baba Mwanaima, hujasogea?"

"Sisogei," alijibu Isihaka, akichezesha midomo tu. "Akili itamwagika."

Isihaka alikuwa mtu wa heshima pale Chinongwe. Vijana walipotoka jandoni, yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu na kutangaza jina jipya la kila mmoja, jina la baba, na ukoo wa mama. Hakujua kusoma. Majina yote yalikaa kichwani. Kazi hiyo aliirithi kwa mjomba wake, na hakuna alichokipenda zaidi duniani, ukiacha kiko chake.

Lakini mwaka uliopita aliteleza. Alimtazama kijana mmoja, jina likamkimbia. Mdomo wake haukuzoea kukaa kimya, ukatamka jina lililokuwa karibu: Biasha. Jina la mke wake. Na jina likishatangazwa, halirudi. Basi yupo kijana mwenye kifua kipana anayeitwa Biasha, na baba yake hamsalimu tena Isihaka.

Wazee walimwonya. Akikosea tena, hata mara moja, kazi inakwenda kwa Yunusi, mwanakijiji aliyeitamani siku nyingi. Naye Yunusi alikuwa ameshaanza kujikohoza, kusafisha koo, kila walipokutana njiani. Safari hii vijana walikuwa kumi na wanane, na mmoja wao alikuwa mjukuu wa Isihaka, mtoto wa binti yake Mwanaima. Zilibaki wiki kumi na mbili watoke jandoni.

Kwa hofu, Isihaka alimwendea mtani wake, Saturnini, dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Kosa ni kwamba alimuuliza sokoni, mbele ya watu. Mtani akiulizwa mbele ya watu, hujibu kiutani.

"Kichwa chako ni mtungi uliopasuka," alisema Saturnini. "Ukitembea, akili inamwagika. Keti, usitikisike."

Watu walicheka. Isihaka alikwenda nyumbani, akaketi.

Aliketi wiki tano. Hakwenda shambani wala barazani. Alivuta kiko kutwa, eti kutuliza mtungi. Mchana alisinzia, usiku alikesha akirudia majina. Alikula ugali kwa chumvi tu, maana kutafuna mboga kulitikisa taya. Majina nayo yakazidi kutoroka. Katika kumi na manane yakabaki tisa.

Biasha alichoka. Alimfuata Saturnini zahanati, akamleta akiwa bado na bandeji mkononi.

Saturnini alipomwona mgonjwa, kicheko kilimkauka. "Mtani, ule ulikuwa utani."

"Upi?"

"Wa mtungi. Nilifanya vibaya. Sasa inuka, utembee."

Isihaka alimtazama kwa dharau. "Sasa ndiyo unanitania."

"Nasema kweli. Tembea kila siku, mpaka jasho likutoke."

"Nimwage na hicho kidogo kilichobaki? Yunusi amekupa nini?"

Biasha aliingilia. "Mpe mfano wa kitu alichokiona kwa macho, shemeji. Maneno matupu hayamwingii."

Saturnini alifikiri. "Uling'oa visiki kule mashamba ya karanga, Nachingwea. Matrekta uliyaona. Linalolima kila siku na lililoachwa mvuani, lipi linawaka?"

"Linalolima. Lakini lile lina dereva."

"Na wewe una mke. Sikiliza. Ubongo hauvuji, mtani. Ubongo unalishwa na damu. Ukitembea, moyo unasukuma damu, ubongo unashiba. Tumbaku inaibana mishipa ya damu. Na usiku ukilala, ubongo unayapanga uliyoyasikia mchana. Wewe unakesha unayapangua."

"Na chakula?" aliuliza Biasha, ambaye alikuwa na lake moyoni.

"Mboga za majani, kunde, samaki, matunda. Chumvi kidogo."

"Umesikia, baba Mwanaima? Wiki tano nampikia kisamvu, kinaliwa na kuku wa jirani."

"Tena atoke akaongee na watu," Saturnini aliendelea. "Na ajifunze kitu kipya. Darasa la watu wazima lipo kila jioni."

"Nikasome na mvi hizi?"

"Mvi ziko nje ya fuvu." Kisha Saturnini akashusha sauti. "Lakini ukianza kupotea njia ya nyumbani, au kutowajua watu wako, huo huenda ukawa ugonjwa mwingine. Njoo mapema, nikupeleke kwa daktari."

Hakucheka aliposema hivyo. Ndipo Isihaka akaamini.

Siku ya kwanza alitembea ameshika kichwa kwa mikono miwili. Wiki ya pili akashusha mkono mmoja. Wiki ya tatu akashusha wa pili. Kila alipotaka kiko, Biasha alimpa karanga, na siku za mwanzo zilikwenda karanga nyingi. Darasani aliandika herufi zilizolala chali, akacheka na wenzake. Usiku alilala usingizi wa kukoroma.

Matembezi yake aliyapitisha kwenye nyumba za vijana wale. Alikaa, akaongea na wazazi, akauliza habari za ufuta. Hivyo kila jina likapata njia yake na mlango wake.

Siku ya kutoka jandoni uwanja ulijaa. Yunusi alisimama mbele, koo tayari. Isihaka alitangaza la kwanza, la pili, la kumi, la kumi na saba. Hakukosea hata moja.

Akafika kwa mjukuu wake, akakwama. Nyumba zote alizitembelea, isipokuwa ya binti yake mwenyewe.

Mwanaima alifumba macho. Yunusi alifungua mdomo.

Isihaka aliubana wake. Kisha akaanza kutembea. Aliwazunguka vijana mara moja, polepole, mikono nyuma. Watu wakanong'ona. Akazunguka mara ya pili, mwendo wa haraka, jasho likimtoka. Mara ya tatu alisimama ghafla.

"Amiri," alisema. "Mwana wa Kaimu. Ukoo wa Biasha, bibi yake."

Vigelegele vilipaa. Yunusi akafunga mdomo.

Mkubwa wa wazee alimwendea Isihaka, akampa mkono. "Mwakani utatangaza wewe," alisema. "Ila uwanja itabidi tuupanue."