Ukuta wa Sebule ya Bi Rula

Wateja wake walimwita Bi Rula, na hakukasirika, maana jina lilimfaa. Alikuwa mshona mapazia, na pindo likienda mrama hata kwa upana wa uzi, alilifumua lote akaanza upya, mteja amesimama mlangoni ananung'unika. Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alipenda kusema kwamba yeye ndiye kitu pekee mle ndani ambacho mkewe ameshindwa kukinyoosha.

Mume akiwa kwenye safari ndefu, siku ninayoisimulia ilianza vizuri tu. Jua limetoka, maji yanatoka bombani, redio ya jirani inapiga kelele zake za kila siku. Fundi alikuja na nyundo kuvunja ukuta uliotenganisha jiko na sebule, pawe mahali pamoja pa wazi. Wapo waliosema Bi Rula anaringa, anaiga majumba ya kwenye simu. Waseme! Mama yake mzazi alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja umelala, na alikuwa anakuja kuishi naye. Bi Rula alitaka jambo moja: akiwa jikoni anapika au anashona, ainue macho amwone mama yake. Mama alishawahi kuanguka akiwa peke yake, akalala sakafuni kutwa nzima akiita watu. Bi Rula alimshika mkono akamwahidi, "Mama, hutaanguka tena mimi nisikuone."

Nyundo ilifika katikati ya ukuta ikagonga mbao. Fundi akabandua matofali taratibu, kumbe ndani yake mna mlango. Mlango mzima, wa mbao nzito, umejengewa matofali upande huu na upande ule, na umefungwa kwa komeo upande wa jikoni.

"Dada," fundi alisema kwa sauti ya chini, "aliyeufunga huu alikuwa anazuia kitu. Tuache hapa hapa, nikuzibie."

"Uzibe nini? Mama yangu anakuja kuishi hapa. Vunja!"

Komeo likavunjwa, mlango ukatolewa, na ukuta wote ukaangushwa. Kosa alilolifanya baada ya hapo, sidhani kama kuna mwanadamu mwingine angelifanya. Alipitisha kiganja juu ya zile mbao akakuta zimenyooka. Zimefukiwa ukutani miaka yote hiyo na hazijapinda hata chembe! Moyo wake ukazipenda papo hapo. Aliupiga mlango msasa, akaupaka vanishi, akamwambia fundi aulaze juu ya vijiguzo vya matofali uwe kaunta kati ya jiko na sebule. Majirani walikuja kuitazama, wakaisifu wee mpaka akachoka kuwapikia chai.

Balaa lilianza na taa. Fundi alitundika taa za kuning'inia juu ya kaunta. Ukizitazama ukiwa jikoni, zimekaa sawasawa. Ukizunguka sebuleni, zimepinda. Bi Rula akamwita fundi, fundi akapanda ngazi na pima maji yake.

"Ziko sawa, dada. Hii pima maji haina undugu na mimi."

"Basi macho yangu ndiyo mabovu?"

Fundi akazishika taa tena. Zikashushwa, zikapandishwa, zikashushwa tena. Likaja la zulia, nalo hivyo hivyo. Likaja la rangi, na hapo ndipo damu ilimchemka hasa. Sebule yote aliipaka rangi ya maziwa. Ukikaa sebuleni, ni rangi ya maziwa kweli. Lakini akisimama jikoni kukoroga mboga, ukuta wa mbele aliuona wa kijani, kijani cha zamani kilichofifia, na hakuna jirani aliyekumbuka ukuta ule kuwa na rangi hiyo. Akamtukana muuza rangi. Akapaka upya. Akapaka tena. Jamani, ni nini hiki? Alikaa kwenye ngazi, brashi mkononi, akalia kwa hasira kama mtoto aliyenyimwa haki yake.

Mama akafika katikati ya vurugu hiyo. Akawekewa kiti chake cha mikono karibu na dirisha, pale pale ambapo Bi Rula angemwona vizuri akiwa jikoni. Na alimwona. Kila alipoinua macho, mama ametulia, kilemba kichwani, mkono mzima juu ya paja. Alimshukuru Mungu. Angalau hilo moja limenyooka.

Kisha mama akaanza kulalamika.

"Mwanangu, nimekuomba maji asubuhi yote. Mbona unanitazama tu?"

"Mimi, mama? Hujaniomba maji."

"Nimekuomba. Ukasimama pale kwenye kaunta. Ukawa unacheka."

Bi Rula alikuwa amechoka na taa, amechoka na rangi, na sasa hili. Akasema ni ugonjwa umemchanganya mama. Siku ya pili lalamiko likawa lile lile, naye akajibu kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwa mama yake. Mama akageuzia uso dirishani.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, Bi Rula alikuwa anachemsha chai. Akainua macho. Mama yuko kwenye kiti.

"Mama, nikutilie chai?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

Akamimina. Akabeba kikombe. Akaizunguka kaunta. Alipovuka tu mahali ulipokuwa ukuta, sauti ikampiga masikioni, sauti iliyokauka, ya mtu aliyeita mpaka nguvu zimemwishia. Kiti kitupu. Mama yuko chini, nyuma ya kochi, mdomo unavuja damu, kilemba kimeviringika mpaka mlangoni.

Kikombe kikamponyoka.

Akageuka kutazama jikoni. Akiwa pale sebuleni aliona jiko lake, sufuria lake, mvuke wa chai. Na mtu. Amesimama nyuma ya kaunta, amevaa gauni kama lake, anamtazama. Anatabasamu.

"Umeniona nikianguka," mama alinong'ona. "Ukasimama pale pale. Mwanangu wa kumzaa."

Kaka yake Bi Rula alikuja jioni ile kumchukua mama, na mama hakugeuka kumuaga. Bi Rula aliitwaa nyundo mwenyewe, akaivunja kaunta vipande vipande huku akilaani kila ubao. Kesho yake fundi aliujenga ukuta upya bila kuuliza swali. Taa zikanyooka. Rangi ikawa ya maziwa, jikoni na sebuleni. Nyumba ikatulia, lakini yeye hakutulia, maana simu zake kwa mama hazikupokelewa.

Mwishowe akajikaza, akaenda kwa kaka yake kuomba radhi. Kaka na mkewe walikuwa kazini. Mama alikuwa amekaa kibarazani peke yake, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko siku nyingi zilizopita.

Bi Rula akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Siku ile si mimi."

"Jamani, tunaanza tena? Si nilishakusamehe siku ya kwanza ulipokuja?"

"Siku ya kwanza ipi, mama?"

"Unanichekesha. Kila siku wakishaondoka hawa unakuja kunisuka, leo unauliza siku ipi. Hebu malizia, ulikimbilia wapi katikati ya kazi?"

Bi Rula hakuwahi kujua kusuka. Tangu utotoni vidole vyake vilishindwa, na mama ndiye aliyekuwa akimcheka zaidi ya wote. Akakitazama kichwa cha mama yake. Mistari ilikuwa imepita kutoka paji la uso mpaka kisogoni, myembamba, imenyooka kuliko pindo lolote alilowahi kushona. Msuko wa mwisho ulikuwa nusu. Chanuo lilikuwa bado limechomekwa ndani yake.

Mama aliupapasa mkono wake akaushika, kisha akaugeuza kiganja juu, kama anayekagua kitu cha mtu mwingine.

"Kheri leo," alisema. "Leo mkono wako una joto."