Ujumbe wa Tarehe Tisa

Anayekuja soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo saa moja asubuhi akiwa amevaa raba nyeupe ni mgeni, hilo halina mjadala. Saa hizo malori yamekwisha kushusha, majani ya migomba yamekanyagwa hadi yamekuwa tope, na utomvu wake hautoki hata kwa jiki. Bernadeta alimwona kijana wa raba nyeupe akihangaika kutandaza makaratasi kwenye benchi la mama ntilie, akatabasamu peke yake, kisha akaendelea kupanga mikungu yake.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mrefu, mweusi wa kung'aa, mzaliwa wa Masasi aliyeletwa mjini na mjomba wake. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha njano lililopauka mabegani, kanga kiunoni, na juu yake aproni yenye mifuko miwili. Sokoni walimjua kwa mambo mawili: haibi kwenye mkungu na hana maneno mengi.

Raba ilipofika mbele ya meza yake ilikwisha kuwa ya kahawia. Kijana akajitambulisha kuwa anaitwa Cyprian, anatoka ofisi ndogo ya Kinondoni inayotengeneza programu za simu. Walitaka kutengeneza moja ya kuwakumbusha kina mama siku za kliniki, ila kabla ya kuitengeneza wameichora yote kwenye karatasi, ukurasa kwa ukurasa, ili kina mama wenyewe waijaribu. Nyuma yake alisimama dada mmoja wa mtandio wa kijivu, Hamdiya, mwenye daftari la kuandika kila kinachotokea.

"Una mtoto, dada?" aliuliza Cyprian.

"Ninaye," Bernadeta akajibu.

Walikaa kwenye benchi. Cyprian alimweleza kuwa atabonyeza karatasi kwa kidole kama anavyobonyeza kioo cha simu, naye atakuwa anamwekea karatasi nyingine kulingana na alichobonyeza. Hatamsaidia kwa neno wala kumsogezea mkono. Hilo ndilo sharti la kwanza la kazi yao.

"Ukikwama, kosa ni la karatasi," alisema. "Tunaipima karatasi, hatukupimi wewe."

"Yaani wewe ndiyo simu."

"Mie ndiyo simu."

"Basi simu yenyewe ina tope miguuni."

Hamdiya akacheka mpaka kalamu ikamponyoka. Bernadeta akaanza. Alibonyeza pa kujisajili, akapewa karatasi ya kuandika jina la mtoto, akaandika kwa penseli: Fransis. Akaandika na siku ya kuzaliwa, tarehe tisa mwezi wa tano mwaka jana. Cyprian akapiga hesabu haraka haraka, akajaza kwa kalamu, akamwekea karatasi yenye picha ya mtoto anayecheka. Hongera mama, Fransis ana mwaka mmoja na miezi mitano.

Kidole cha Bernadeta kikabaki hewani. Akatazama juu ya karatasi, akatazama chini, akaitazama kila kona. Cyprian, kwa sharti lake, alinyamaza.

"Mama ambaye mwanawe amefariki anabonyeza wapi?" Bernadeta aliuliza.

Cyprian akayaangalia makaratasi yake. Yalikuwa arobaini na kitu, ameyachora kwa wiki tatu, na hilo halikuwemo hata kwenye moja. Hamdiya akaacha kuandika. "Hatukulichora," Cyprian akasema mwishoni. "Nisamehe, dada." Bernadeta akamwambia hana kosa, hakujua, kisha akainuka kwa kuwa mteja alikuwa anamsubiri.

Kesho yake Cyprian alirudi bila makaratasi, safari hii amevaa mabuti meusi. Akanunua mkungu mzima wa ndizi mzuzu, mtu anayeishi chumba kimoja na jiko la mafuta ya taa. Wiki iliyofuata akanunua mwingine. Noela, muuza mananasi wa meza ya pili, ndiye aliyemwambia Bernadeta kuwa yule braza hali ndizi, ila kuna kitu anakitafuta na kila mtu pale sokoni anakijua isipokuwa muuzaji mwenyewe. Bernadeta alijifanya hakusikia, na jioni hiyo akampa namba yake ya simu.

Wakawa wanapigiana kila siku. "Simu yangu leo imechaji?" Bernadeta angeuliza, na Cyprian angejibu kuwa imechaji ila mtandao unasumbua mpaka asikie sauti ya Deta wake. Jumapili walikutana Kinondoni baada ya misa, Bernadeta na gauni la rangi ya bahari na viatu vya kamba, Cyprian na shati lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama. Cyprian alimsimulia habari za baba yake, mchonga vinyago wa Mwenge, aliyesikitika kuona mkono wa mwanawe umependa penseli kuliko tezo. Bernadeta naye alimsimulia habari za Fransis kwa sentensi mbili. Alikuwa na miezi mitano, homa ikamchukua kwa siku tatu. Baba wa mtoto aliondoka na lori kwenda Tunduma, na huko akaoa.

Cyprian hakuuliza zaidi. Aliona kutouliza ndiyo huruma, na Bernadeta akaona labda hataki kusikia.

Ilipofika mwezi wa tatu Cyprian alisema anataka kutuma mshenga kwa mjomba wa Bernadeta, kule Mbagala. Bernadeta alimpenda, tena sana, na hakuona haya kumwambia. Lakini akaomba muda. Alichokiogopa ni hiki: watu wote waliompenda walimpenda kwa sharti kwamba asahau. Matanga ya mwanawe yalikuwa ya siku moja. Shangazi alimfuta machozi akamwambia atazaa mwingine, na tangu siku hiyo nyumbani kwao jina la Fransis halikutajwa. Kama na Cyprian ni wa namna hiyo, basi kuolewa naye kungekuwa kumfungia mwanawe mlango kwa mkono wake mwenyewe. Hilo asingeliweza, hata kwa mwanaume anayempenda.

Tarehe tisa ya mwezi wa nne walikuwa wanakula chips mayai Kinondoni. Bernadeta hakuwa ameishika simu tangu asubuhi kwa wingi wa kazi. Akaifungua, akasoma, uso ukambadilika, akailaza kifudifudi mezani. Cyprian alikuwa ameshaona. Mama, mtoto wako ametimiza miezi 23, mlete kliniki apimwe uzito. Ujumbe ulitoka kwenye huduma ya zamani aliyojiunga nayo akiwa mjamzito, na orodha ya huduma hiyo ndiyo iliyokabidhiwa ofisi ya kina Cyprian ili waihamishie kwenye programu mpya. Cyprian hakumwambia hilo, akasogeza sahani yake pembeni. Kesho yake, ofisini, akaitafuta namba ya Bernadeta kwenye orodha, akaifuta. Alipanga kumwambia siku ambayo mtoto angetimiza miaka miwili, iwe zawadi yake. Yalikuwa mapenzi, asiseme mtu kwamba hayakuwa mapenzi. Ila mtu huyu anayewafundisha wenzake wasisogeze kidole cha mtu hata akikwama saa nzima, siku hiyo alibonyeza kwa niaba ya mwingine.

Tarehe tisa ya mwezi wa tano Bernadeta alikwenda sokoni na gauni lake la rangi ya bahari, lile la Jumapili. Ujumbe huja saa tatu asubuhi. Kila mwezi huusoma, hujificha kidogo nyuma ya mikungu, na kuwaza: sasa angekuwa anatambaa, sasa angekuwa anasimama, sasa angekuwa anasema maji. Saa tatu ikapita. Saa nne akaizima simu na kuiwasha. Saa tano akamwomba Noela amtumie ujumbe wa kujaribu, na ujumbe wa Noela ukafika palepale. Saa saba simu ikaita, akaipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Deta wangu," alisema Cyprian. "Najua leo ni siku nzito. Umeona hujasumbuliwa?"

"Sijasumbuliwa na nani?"

"Na ule ujumbe wa kliniki. Nimekutoa kwenye orodha. Hautakuja tena, mpenzi."

Bernadeta akakaa juu ya kreti. "Nani alikutuma?"

"Nilikuona ulivyoumia siku ile, nikasema..."

"Nimekuuliza nani alikutuma, Cyprian."

"Hakuna aliyenituma."

"Baba yake kamsahau. Ndugu zangu wamemsahau, wanataka na mie nimsahau. Aliyebaki anamhesabia mwanangu miezi ni ule ujumbe tu. Unaniumiza, ndiyo, lakini ni wangu. Leo anatimiza miaka miwili na wewe ndiye uliyemfuta."

Akakata. Simu iliita mara kumi na moja, akaiacha iite. Kesho yake Cyprian akamwandikia kuwa ameirudisha namba kwenye orodha. Bernadeta akamjibu mara moja tu: aitoe, maana sasa ujumbe ukija atajua umeletwa na Cyprian. Baada ya hapo akamchunia kabisa, hakupokea simu wala kujibu ujumbe.

Zikapita wiki tatu. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na kumkosa Cyprian nako kulikuwa kwa kweli, na vyote viwili alivibeba huku akikata vichane na kurudisha chenji. Hamdiya alipita siku moja kununua ndizi. Hakuleta salamu. Alisema tu kwamba Cyprian alisimama mbele ya ofisi nzima, bila kumtaja mtu jina, akakiri kuwa ameingiza mkono kwenye maisha ya mtu bila kuulizwa, na akaomba ile orodha ikabidhiwe kwa mwingine. Bernadeta akamfungia ndizi zake na kumtakia siku njema.

Jumamosi moja, saa nne, soko limetulia, Cyprian akaja. Hakubeba kitu. Akasimama pembeni ya meza mpaka Bernadeta alipomtazama.

"Tangu nikujue nimekuuliza habari za karatasi, za ndizi, na za ndoa," alisema. "Sijawahi kukuuliza Fransis alikuwa mtoto wa namna gani. Niliogopa. Ukitaka kuniambia nitasikiliza. Ukisema niondoke nitaondoka."

Bernadeta aliendelea kukata kichane. Alikata kingine. Kisha akaanza, taratibu, bila kuinua uso. Alisema Fransis alikuwa anacheka mtu akipiga chafya, hata awe nani, hata padri. Alichukia kofia. Hakulala mpaka awekwe bega la kulia, na alikuwa na alama nyeusi nyuma ya sikio.

"Sikio lipi?" Cyprian akauliza.

Bernadeta akaweka kisu chini. Hakuna mtu aliyewahi kutaka kujua ni sikio lipi. "La kushoto," alisema, akagusa nyuma ya sikio lake mwenyewe. Mteja alikuja, akahudumiwa na Noela. Cyprian alikaa kwenye kreti akasikiliza kwa zaidi ya saa nzima, akalia palepale mbele ya wachuuzi na wapagazi, na hakujificha.

"Ukituma mshenga," Bernadeta akasema mwishoni, "barua iandikwe kwamba mnamwomba Bernadeta, mama yake Fransis. Watu waliacha kuniita mama Fransis siku ile ile tuliyotoka makaburini. Mie sijaacha kuwa mama yake."

"Wazee watasema ni nuksi."

"Watasema. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Barua ilifika Mbagala Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba. Bernadeta alikaa chumbani nyuma ya pazia, akimsikia mjomba Sebastian akisoma salamu, kisha akisita kwenye jina la Fransis. Shangazi Anna akasema barua ya heri haiandikwi jina la marehemu, wakaiandike upya. Mshenga, mzee Adelard, rafiki wa baba yake Cyprian, akajibu kwa upole kuwa hata yeye alilisema hilo. Kijana alimjibu kwamba mstari huo ukiondolewa, barua hiyo si yake.

Mjomba akamwita Bernadeta. Akaja, akapiga magoti kwenye mkeka, akawaamkia wageni.

"Umeyajua yaliyoandikwa humu?"

"Nimeyajua, mjomba. Mimi ndiye niliyeyaomba."

Mzee Sebastian aliikunja barua. Yeye ndiye aliyelipakata lile jeneza dogo kwenye gari, kutoka nyumbani hadi makaburini, na tangu siku hiyo hakuwa amelisema neno lolote juu yake. Shangazi akataka kuongea, akamzuia kwa mkono. Akaifungua tena barua, akafuta miwani, akaanza kuisoma upya tangu salamu. Alipofika kwenye ule mstari alipunguza mwendo, lakini hakuuruka. Akaumaliza, akaendelea na mingine mpaka sahihi, akaiweka barua mapajani.

"Unawajua watu hawa, mama Fransis?"

Bernadeta aliinua macho. Shangazi Anna alikuwa ameshajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Ninawajua, mjomba."

"Na huyu kijana wao, unamkubali?"

"Ninamkubali."