Kamba ya Kinu cha Argia

Ilikuwa mkesha wa Noeli, jua likizama, baba mkwe wangu aliponituma mtoni kuchukua mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Kwetu Revedosa chakula cha mkesha bila mkunga si chakula, na mzee Evaristo hakuwa mtu wa kuambiwa asubiri. Nikajifunga shali, nikabeba ndoo, nikapanda tuta linalozuia mafuriko.

Ukungu wa mto Po ulikuwa umeshuka. Ukinyoosha mkono, vidole vyako huvioni. Mvuvi alinijazia ndoo, akanihimiza nirudi upesi.

Nilikuwa narudi, nimefika pale vinu vilipokuwa vikifungwa zamani, niliposikia...

Kitu kinaburutwa.

Kizito. Kimelowa.

Kisha harufu ikanifikia. Unga. Unga ulioingia maji ukachacha.

Kila mtu wa Revedosa anajua harufu ile ni ya nani.

Zamani vinu vyetu vya kusaga nafaka kwa nguvu ya maji vilielea juu ya mto, kila kimoja kimefungwa ukingoni kwa kamba nene ya katani. Cha mbele, penye mkondo mkali, kilikuwa cha Argia Benassi, mjane mwenye binti mmoja mdogo. Cha nyuma yake kilikuwa cha Evaristo. Mzee aliitaka nafasi ile, Argia akamkatalia mbele ya watu. Haukupita muda mji ukaanza kumsema: yule mjane ni mchawi, anauita mto kwa jina, anasaga hata maji yakiwa yamelala. Kisha yakaja mafuriko. Kinu chake kikachukuliwa, yeye na mtoto wamo ndani. Mtoto alikutwa amenasa kwenye miti ya mierebi. Argia hakuonekana tena, ila harufu yake husikika penye ukungu. Watu wakasema kamba imekatika, wakasali, wakarudi makwao. Mimi niliolewa hapa baadaye. Hayo niliyapata vipandevipande kwa wanawake, tukifua.

"Dada," sauti ikasema karibu na sikio langu. "Nitazamie. Macho yangu yana maji."

Sikuona uso. Niliona mikono tu, myeupe, imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Ilishika ncha ya kamba.

"Imekatika hii, au imekatwa?"

Niliigusa. Kamba iliyokatika yenyewe huchanuka nyuzi kama ufagio. Hii ilikuwa imenyooka, kama jibini lililopitiwa na kisu.

"Imekatwa," nikanong'ona.

Nikasikia pumzi ndefu.

"Wewe ni wa kwanza kusema."

Nilikimbia. Sijui niliteremkaje lile tuta.

Nyumbani baba mkwe alikuwa mezani na mume wangu Learco, wamekaa mbele ya sahani tupu. Nikawasimulia. Mzee hakucheka, hakuniita mjinga kama ilivyokuwa desturi yake. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ulimjibu nini?"

"Nilichokiona, baba."

Akaniamuru nirudi kule nikaseme nilikosea, kwamba kamba ilikatika. Nikakataa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia, na Learco akainamia sahani yake. Basi mzee akachukua taa akatoka mwenyewe, akitukana.

Yaliyofuata nayajua kwa waliokuwa wakinywa mvinyo kwenye kilabu cha Dorando, chini ya tuta. Wote wanasimulia vilevile. Walimsikia mzee akipiga kelele ndani ya ukungu.

"Imekatika!"

Akarudia, kama mtu aliyeulizwa tena.

"Imekatika, nakwambia!"

Kisha wakasikia maji yakichemka na kugonga, na yeye yuko juu ya tuta, mahali ambapo mto ulikuwa haujafika mwaka ule. Sauti yake ikashuka, ikawa kama ya mtoto aliyebanwa.

"Tulikata. Mimi na Dorando."

Dorando alikuwa akipangusa glasi. Aliendelea kuipangusa. Hakuna aliyemtazama, na hakuna aliyetoka kwenda kumsaidia mzee.

Asubuhi alikutwa juu ya tuta. Nguo zake zilikuwa kavu. Kinywa chake kilijaa unga uliolowa, umeshindiliwa hadi kooni. Daktari akasema ni moyo.

Baada ya mazishi Dorando alinijia kwa mlango wa jikoni, kofia mkononi. Aliniomba niende naye mtoni, kwa kuwa mimi ninasikilizwa na Argia. Eti niseme kwamba wazo lilikuwa la Evaristo, yeye alipiga shoka mara moja tu.

"Nenda kamwambie mwenyewe," nikamjibu. "Na mtoto wake umtaje kwa jina."

Hakulijua hata jina. Nikamfungia mlango. Sikumhurumia, na sijamhurumia hadi leo.

Akahamia kwa binti yake, mbali milimani. Kule hakuna mto. Hakuna hata kisima. Wanakunywa maji ya theluji. Kabla ya Pasaka tukaletewa habari. Alikutwa kitandani, madirisha yote yamefungwa kwa ndani. Binti yake aliapa kwamba chumba kizima kilinuka mto, na kwamba ilibidi wamtoe unga kinywani kwa kijiko ndipo wamfunge taya.

Mji ukapumua. Wanawake wakaanza tena kupita juu ya tuta jioni. Padre akabariki mierebi. Nami nikaamini sasa Argia amelala na binti yake, wameshiba haki yao.

Jana jioni ukungu ulishuka tena.

Tulikuwa tunakula, Learco na mimi, wawili tu. Nikasikia kitu kikiburutwa kwenye mawe ya barabara yetu. Taratibu. Kikasimama nje ya mlango. Harufu ikapenya chini ya kizingiti.

Sikuogopa. Nilidhani amekuja kunishukuru.

Sauti ikauliza kwa upole, kama jirani anayeazima chumvi.

"Na taa, walipokata kamba... aliishika nani?"

Learco aliacha kutafuna.

Tumeishi pamoja miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumwona mume wangu akitetemeka. Usiku wa mafuriko yale alikuwa na miaka ishirini, mwana pekee wa baba yake.

"Nives," akaninong'oneza. "Mwambie sipo."

Niliinuka nikaenda mlangoni, nikaweka mkono juu ya komeo. Lilikuwa la baridi, na limelowa.