Aliyeitwa Takataka

Ukungu wa Julai ulikuwa umefunika madirisha ya maabara, na mashine ilikuwa inanuka udi. Haikuwa harufu ya waya ulioungua wala ya dawa ya kusafishia. Ilikuwa udi kabisa, kama wa nyumba yenye harusi. Hidaya aliinama akanusa, akakunja uso, akaendelea na kazi yake mbaya.

Ilikuwa mbaya kwa sababu alikuwa anaidanganya mashine. Kiwanda cha maji ya chupa cha kule Shume kilikuwa kimeuzwa, miaka ile kila kitu kilipokuwa kinauzwa, na mwenye mali mpya alileta kompyuta yenye kamera ya kutambua mwani na vijidudu ndani ya tone la maji. Kazi hiyo Hidaya aliifanya kwa hadubini na macho yake mwenyewe tangu usichana wake. Sasa aliamriwa aifundishe mashine: picha itokee, yeye aandike jina, mashine ikariri. Baadaye wangeshindanishwa.

"Ikikushinda, dada, sina la kufanya," alisema meneja Kristofa. "Utapumzika nyumbani."

Amfundishe anayemnyang'anya tonge mdomoni? Thubutu! Hidaya alitaka mashine iaibike mbele ya watu. Mwani akauita mdudu, mdudu akamwita mchanga, na kila alipobonyeza alicheka peke yake.

Kisha ikatokea picha ambayo hakutaka kuiona: kiduara cheusi chenye jicho katikati. Kila tone la chemchemi ya kiwanda lilikuwa nacho kimoja. Mzee Selemani, aliyemfundisha kazi, alikuwa amemwonya mapema. "Huyo ndiye mwenye maji, mwanangu. Mpite kwa heshima, usimpe jina." Miaka yote Hidaya alimpita hivyo, akisema bismillahi kimoyomoyo. Lakini siku hiyo hasira ilimpanda kichwani. Akaandika: TAKATAKA.

Harufu ya udi ikakatika. Ikaja ya jalala.

"Astaghfirullah," alinong'ona, akajaribu kulifuta neno. Halikufutika. Lile jicho likafumba, likafumbua, likamtazama yeye, na kioo cha kompyuta kikaanza kujaa sura yake mwenyewe, shavu lake, ushungi wake, mdomo wake uliobaki wazi, na chini ya kila sura neno lilelile likajiandika na kujiandika tena bila mtu kugusa kitu, huku sauti nyembamba, kama maji yanayopita kwenye mpira, ikitoka ndani ya mashine na kumwita.

"Hidaya. Mashine ingekosea ningeisamehe, maana haina macho. Wewe unayo, na unanijua."

"Nisamehe, bwana wangu. Nilikuwa napigania kazi yangu tu. Nina mtoto."

"Umeifundisha mashine mimi ni nini," ilisema sauti. "Na mimi nimeshawafundisha watu wako wewe ni nini."

Alikimbia. Mlangoni alimkuta Kristofa, akamshika mkono, na Kristofa akaukung'uta mkono wake kwa kinyaa akatafuta maji ya kunawa, wala hakumtazama usoni. Hidaya akashuka mbio kati ya mashamba ya kabichi, akimpigia shikamoo kila mkubwa aliyekutana naye, na wakubwa hao, ambao hata wakiwa wagonjwa huitikia, walipinda njia wakaziba pua kwa kanga na kofia, na kadiri alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kuharakisha, mpaka akafika kwake, akaingia, akajitupa kwenye kiti chake cha jikoni. Moyoni alikuwa na tumaini moja tu. Saumu, mtoto aliyemzaa mwenyewe, hawezi kumsahau.

Mumewe, Shabani, akaingia akitokea shambani na Saumu nyuma yake, akasimama ghafla.

"Nani kamwaga uchafu huu kwenye kiti cha mama yako?"

"Shabani! Ni mimi!" Hidaya alipiga kelele. Shabani akafukuza nzi.

Saumu akachungulia nyuma ya baba yake. Hidaya alimnyooshea mikono yote miwili. Mtoto akasogea, akamtazama sana, akakunja pua. Kisha akakimbia nje, akarudi anaburuza chepe.

"Tuutoe upesi, baba," alisema, "kabla mama hajarudi."