Noti Iliyojaa Wino

Kila asubuhi, baada ya sala na kipande cha mkate, sisi wasichana wa shule ya watawa pale Mechelen tulikusanyika mbele ya kitabu kimoja kikubwa cha nyimbo. Mimi, Aleit, nilikuwa mgeni. Nilisimama nyuma kabisa, na mezani nilikaa mwisho wa benchi. Hakuna aliyenisemesha. Upweke uliniuma, jamani, sitaki kudanganya.

Siku moja niliingia mapema kunakili ukurasa wa sauti ya juu ili nijifunze peke yangu, ingawa wino ulikatazwa karibu na kitabu. Tone likadondoka ndani ya noti nyeupe, alama ya wimbo yenye tumbo tupu, likaijaza vizuri kama iliyoandikwa hivyo. Lilipokauka nikafunga kitabu, nikanyamaza. Noti nyeupe pale ilihesabiwa mapigo matatu. Ikiwa nyeusi ni mawili tu.

Siku hiyo Lijsbet, aliyeimba sauti ya juu, akawatangulia wenzake.

"Lijsbet, unakimbilia wapi?" akauliza Sista Heilwich. Macho yake yalikuwa yamechoka, alitegemea masikio.

"Sikimbii, Sista. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Wiki iliyopita uliimba sawa, na kitabu ni kilekile. Rudia."

Akarudia mara tatu, akawahi mara zote tatu.

"Basi, Pasaka hutaimba. Aleit, shika nafasi yake."

Nikaimba. Pale penye noti nyeusi nikahesabu tatu, maana nilijua. Sista akanisifu.

Mchana wasichana walinisogelea, wakanipa nafasi katikati. Lijsbet alikaa mwisho wa benchi, pale pangu.

"Kimbia na supu basi, kabla haijapoa," mmoja akamtania, wakacheka.

Lijsbet alikuwa anazungusha kijiko tu, kama nilivyokizungusha mimi siku nyingi pale pale. Supu ikanishinda. Nikasimama, nikamwendea Sista Heilwich.

"Sista, noti ile niliimwagia wino mimi."

Sista Heilwich akaenda kwenye kitabu, akainamisha pua hadi kwenye ukurasa, kisha akakwangua wino kwa kisu kidogo.

"Lijsbet, nisamehe. Uliimba kilichoandikwa, nami nikakuadhibu." Akanigeukia. "Aleit, tone hili nimelikwangua mara moja. Ila ukimya wako sina kisu cha kuukwangua. Ukikosa, sema mapema, kabla mwenzako hajaubeba mzigo wako."

Nikarudi nyuma ya wenzangu, na mwisho wa benchi. Jioni mtu akanisukuma begani. Alikuwa Lijsbet na bakuli lake.

"Sogea huko," akasema. "Kesho tutafanya mazoezi pamoja. Ila wino uache."