Koti la Nahodha

Foleni ya tiketi ilikuwa imetoka nje ya mlango wa sinema na kukata kona. Wote waliosimama pale walikuja kuona sehemu ya tatu ya "Chombo cha Tisa", filamu ya mabaharia wa angani ambao kwa miaka sita wamepotea kati ya nyota, na mashabiki wao wamepotea nao. Katikati ya foleni alisimama mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani na koti la kijivu kama la Makanika, yule fundi wa injini wa kwenye filamu. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni, ameisahau. Nyuma yake palikuwa na mwanamume mwembamba wa miwani, shati limepigwa pasi likanyooka kuliko mwenyewe.

"Samahani, dada," alisema yule mwanamume. "Koti la Makanika lina mifuko mitano. Hapa nimehesabu minne."

Mwanamke aligeuka taratibu, akalifungua koti. "Wa tano uko ndani, upande wa moyo. Ndimo anamoficha barua za mkewe. Siku nyingine uhesabu vizuri kabla hujamfundisha fundi kazi."

Mpaka wanafika dirishani walikuwa wameshacheka mara tatu, wakakata tiketi za viti vya jirani. Mwanamke alikuwa fundi cherehani. Mwanamume alikuwa mfamasia wa mtaa wa pili, na tangu hapo Fundi akawa anamwita daktari, kama wafanyavyo wateja wote wenye mafua.

Tatizo lilianza taa zilipozimwa. Kila Nahodha wa chombo alipotokea, kifua kipana kama kabati ndani ya koti lake la bluu nzito, Fundi alisogea mbele kwenye kiti na kusahau bisi mkononi. Mfamasia aliyaona yote hayo. Akayatazama mabega yake mwenyewe, akayaona kama henga lisilo na nguo. Tangu sehemu ya kwanza yeye alikuwa mtu wa Makanika, lakini walipotoka nje na Fundi akamuuliza atavaa kama nani kwenye mkutano wa mashabiki, miezi mitatu ijayo, ulimi ulimteleza.

"Nahodha."

Fundi alifurahi mno. Hakuna koti alilotamani kulishona duniani kama lile. Kesho yake alimpima, kifua inchi thelathini na sita, na mapenzi yakaanzia hapohapo kwenye futi, kwa sababu mtu hawezi kukuzungushia mikono kifuani akiandika namba halafu mkabaki kama mlivyokuwa.

Jumatatu iliyofuata Mfamasia alijiandikisha kwenye ukumbi wa mazoezi. Kocha wake alikuwa mwanamke wa miaka sitini anayeitwa Mama Chuma, ambaye humwita kila mtu mpenzi na hamhurumii yeyote. Wiki ya kwanza Mfamasia alishindwa hata kuinua mkono kuteremsha dawa za kikohozi. Alivumilia, akanywa mayai, akaficha. Mara mbili Fundi alimwita aje kujaribu koti, mara mbili akasingizia kazi. Alitaka amshtue kwa mwili mpya siku moja.

Alasiri moja Fundi alimpigia simu.

"Mbona unahema, mpenzi?"

"Nilikuwa napanda ngazi."

"Duka lako halina ngazi, daktari."

Sauti ya mwanamke ikapenya kutoka nyuma yake: "Mbili zaidi, mpenzi, usiniangushe."

"Nani huyo?"

"Mteja," alisema Mfamasia, akakata simu. Jamani, uongo nao unahitaji mazoezi.

Fundi hakuuliza tena. Alishona akiwa amenuna, na kimya kingi kina mshindo mkubwa. Wiki mbili kabla ya mkutano Mfamasia alikuja hatimaye. Fundi alimvisha koti bila kumtazama usoni, akamwambia ainue mikono. Mshono wa mgongo ukapasuka kuanzia shingoni mpaka kiunoni.

Fundi alichukua futi, akapima. Thelathini na tisa. Akakaa kwenye kiti chake cha cherehani na kusubiri maelezo.

Mfamasia alieleza yote: ukumbi, Mama Chuma, mayai. "Nilikuona ulivyokuwa ukimtazama Nahodha," alimalizia.

"Nilikuwa natazama bega la koti," alisema Fundi. "Mkono wa koti lile umeshonewa begani bila mkunjo hata mmoja. Miaka sita naitafuta siri ile." Machozi yalimlengalenga, akayaacha. "Nilimpima mwanamume mmoja, nikampenda huyohuyo. Wewe ukaenda kumbadilisha bila kuniambia, ukanidanganya, nami nikabaki nashona koti la mtu asiyekuwepo. Nenda, daktari."

Mfamasia alikwenda. Alipiga simu, hazikupokelewa. Siku ya tatu alibisha hodi kwa shangazi yake, mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, akaomba afundishwe kushona. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamtungia sindano.

Jumamosi ya mkutano ukumbi ulijaa mabaharia wa angani wa kila kimo. Fundi alikaa kwenye meza ya karibu na dirisha, koti la bluu aliloshona upya limevishwa sanamu ya dukani. Mtu akasimama mbele yake katika koti la kijivu la Makanika. Mfuko mmoja ulikuwa chini kuliko wenzake, na kola ilikuwa imegombana na shingo. Fundi alijikaza asicheke.

"Naona minne," alisema.

Mfamasia alilifungua koti. Wa tano ulikuwa ndani, upande wa moyo, umepinda. Akatoa humo karatasi. "Vipimo vyangu vya leo, vya kweli. Vyuma sitaacha, nakwambia mapema. Nimevipenda, sasa nabeba makatoni ya dawa peke yangu. Ila huyu ni mimi, na Nahodha simtaki. Nisamehe."

Fundi aliisoma karatasi mara mbili. "Mimi mgongo unaniuma, miaka kumi na miwili ya kuinamia cherehani," alisema. "Huyo Mama Chuma anapokea mafundi?"

Mfamasia aliitikia kwa kichwa. Aliivuta futi kutoka shingoni mwa Fundi, akaanza kuihangaisha kwenye kidole cha pete cha mwenyewe Fundi.

"Unafanya nini?"

"Nataka kununua pete. Safari hii sikisii, napima."

Watu walipita, mmoja akauliza bei ya koti la bluu, akaondoka na swali lake.

"Kidole hakipimwi kwa futi, daktari," alisema Fundi, na sauti ilikuwa imepungua. Alikata uzi mwekundu kwa meno, akauzungusha kidoleni mwake mwenyewe, akafunga fundo, akauvua. Kisha akautia ndani ya mfuko wa tano na kuubonyeza kwa kiganja.

"Usiupoteze," alisema. "Na sasa vua hilo koti nikurekebishie kola. Siwezi kuitazama kutwa nzima."